Bwana Pua na Siga za Rosa Kiden

Kama wiki iliyopita gazeti halikukufikia, nitakupa aibu yangu kwa ufupi, kisha twende mbele.

Mimi ni Acidri, mkazi wa Mvara, Arua. Kazi yangu ni kuonja siga, zile sigara nene zinazosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi. Mwenye nafasi huvuta moja kwa saa nzima. Kabla hazijaingia sandukuni, mimi ndiye ninayesema hii nzuri, hii mbaya. Miaka ishirini na miwili nimekula kwa pua hii. Watu wamesahau jina langu, wananiita Bwana Pua.

Mwezi wa tatu nilishikwa na homa. Nilipopona, pua ilikuwa imekufa. Sikusikia harufu ya kahawa, wala ya sabuni, wala ya ugali ukiungua. Nilimwambia mke wangu Annet peke yake. Mzee Ondoga, mwenye karakana, sikumwambia.

Mwezi wa tano mnunuzi akalalamika kwamba siga zetu zinanuka mkojo. Mzee Ondoga akapanga siga kumi na mbili mezani, kila moja na namba yake, bila jina la aliyeisokota.

"Nitafutie mbaya," akasema.

Nilizionja zote. Zote kwangu zilikuwa moshi wa moto tu. Nikaangalia majivu. Majivu ya namba saba yalikuwa meusi kidogo kuliko ya wenzake.

Nikasema, "Saba."

Namba saba ilikuwa ya Rosa Kiden wa Koboko, msokotaji bora kuliko wote tuliokuwa nao. Alifukuzwa siku ileile. Tumbaku ya kaka yake Mogga, ambayo ndiyo aliyokuwa akiisokota, nayo ikakataliwa. Habari ilienea, na wanunuzi wengine nao wakamkimbia Mogga.

Miezi mitatu ikapita. Nikadhani yamekwisha.

*

Jumatatu asubuhi Kenneth alifika karakana, pale kwenye barabara ya kwenda Adumi. Kenneth ndiye mnunuzi wetu, mtu wa Arua aliyehamia Kampala. Huziuza siga katika mahoteli makubwa.

"Mzee, namba saba mmeiondoa," alimwambia Ondoga hata kabla ya kukaa, "lakini harufu ya mkojo bado iko. Kesho nitafungua masanduku yote."

Kisha akanigeukia mimi. Akatoa siga moja iliyofungwa kwa kipande cha gazeti.

"Bwana Pua, kwanza tuonje hii pamoja."

Niliipokea. Niliizungusha kati ya vidole karibu na sikio. Haikuwa na mahali pa kubonyea wala fundo. Jani la nje lilikuwa na mafuta kidogo, mishipa yake myembamba. Nilikata kichwa, nikavuta bila moto, hewa ikapita vizuri. Nikaupasha mguu wake, ile ncha inayowashwa, taratibu, bila kuugusisha mwali, mpaka duara lote likawa jekundu.

Mkono unakumbuka. Mkono haukuugua homa.

Nikajaza moshi mdomoni. Siga haipelekwi mapafuni kama sigara za dukani. Moshi unaushika mdomoni, unauzungusha, kisha sehemu ndogo unaitoa puani. Pale puani ndipo siga inaposema ukweli wake.

Mimi nilipata muwasho tu.

"Unasema nini?" Kenneth akauliza.

"Inaungua sawasawa. Jivu linashika. Mwanzoni kuna harufu ya ngozi. Halafu inakuja kahawa."

Kenneth aliichukua mkononi mwangu, akavuta naye. Akatikisa kichwa.

"Kahawa mimi sikuipata. Nimepata asali, na mbao mpya, na sasa hivi kitu kama karanga zilizokaangwa. Lakini wewe ndiye mwalimu." Akamgeukia Ondoga. "Mzee, hii ndiyo siga ninayoitaka. Sijavuta nzuri kama hii kutoka huku kwetu West Nile. Nani aliisokota?"

Ondoga alishangaa. "Wewe umeitoa wapi? Haina hata utepe wetu."

"Kwa dereva wangu, Robert. Anasema ulimpa fungu zima mwezi wa tano, mlipokuwa mnazitupa."

Mzee Ondoga aligeuka polepole mpaka macho yake yakanifikia.

"Acidri. Hizo ni za Rosa Kiden. Namba saba."

Mtu aliyezoea kudanganya hakosi neno.

"Mzee, siga ikipumzika hubadilika," nikasema. "Ukali wa mkojo hutoka wenyewe baada ya miezi. Mwezi wa tano ilikuwa mbaya. Leo imetulia."

Hilo ni kweli, muulize yeyote anayejua siga. Ndiyo maana Mzee Ondoga alilimeza.

"Basi kesho nenda Koboko," akasema. "Mwombe Rosa arudi. Mwambie Ondoga anasema pole."

*

Jioni nilimweleza Annet. Yeye naye ni mfanyakazi wa Mzee Ondoga. Hugeuza rundo la majani, kwa sababu tumbaku ya siga hurundikwa ikachacha, ikapata joto, ikatoa ule ukali unaonuka kama zizi. Ukali ukiisha, mwonjaji anasema limeiva, na wasokotaji wanaanza kazi.

"Mwambie Rosa ukweli," Annet akasema.

"Nikisema, kazi imekwisha."

"Baba Juliet, kazi ya pua bila pua ni kazi gani?"

Niliinama nikavua viatu.

"Lile rundo la mwezi wa nne," akaendelea, "uliposema limeiva, mimi nilisikia bado linanuka. Nilikuambia."

"Ulininong'oneza."

"Ulitaka nipige kelele mbele ya watu kwamba mume wangu hana pua?"

Tulijua. Wasokotaji kumi na mmoja walikuwa wakisokota majani ya rundo lile bichi nililolipitisha mimi. Rosa peke yake alikuwa na majani mengine, ya Mogga, yaliyochachushwa nyumbani kwao Koboko. Kati ya siga zile kumi na mbili mezani, mbaya zilikuwa kumi na moja. Mimi nilichagua ile moja nzuri.

*

Nilifika Koboko saa sita mchana. Nilipokaribia nyumba ya Rosa niliona turubai, viti vya plastiki, wanawake wakikoroga masufuria. Nikapunguza mwendo.

Mzee mmoja alinijia, akanipokea mkoba. Jina lake Aliga, mdogo wa marehemu baba yake Rosa. Mimi Mlugbara, wao Wakakwa. Kiswahili chetu cha huku ndicho kilichotuunganisha.

"Karibu, karibu. Wewe iko mutu ya Arua? Ya kazi ya Rosa?"

"Ndiyo, mzee."

"Asante sana. Mutu akitoka kazi, wenzake nasahau yeye. Nyinyi hapana sahau."

Walinidhani nimekuja kuhani. Nikaletewa maji ya kunawa, ugali wa muhogo na maharagwe. Niliogopa kuuliza nani amekufa. Nilikula chakula cha matanga ya mtu nisiyemjua.

Aliga aliketi karibu nami.

"Mogga tumezika juzi," akasema. "Kifua ilikuwa mbaya toka zamani. Lakini hii mwaka alikataa hospitali. Anakaa tu na majani yake. Ananusa, anaweka chini. Ananusa tena. Anauliza, mimi nilikosea wapi?"

Tonge nililokuwa nimelikata lilibaki mkononi.

Rosa alitoka ndani. Alikuwa amekonda, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Aliponiona alisimama kidogo, kisha akaja akaketi mkekani mbele yangu.

"Baba Juliet. Umekuja."

"Mama Moris, pole sana."

"Nani amekuambia?"

"Nimesikia tu," nikasema. Uongo mwingine, na chakula chao bado mkononi mwangu.

Rosa aliwageukia waombolezaji. "Huyu ndio Bwana Pua. Yeye ndio alisema majani yetu iko mbaya."

Minong'ono ikapita chini ya turubai. Nilijikaza, nikingoja matusi. Hayakuja.

"Kaka hapana chukia wewe," Rosa akasema. "Mimi nilikasirika, yeye hapana. Alisema, huyo mutu hapana danganya. Iko na miaka mingi kwa hii kazi. Kama amesema majani iko mbaya, basi iko mbaya, mimi ndio nimekosea."

Msomaji, nimetukanwa na watu wengi maishani mwangu. Hakuna tusi lililoniumiza kama sifa ile. Mogga alilima na kunusa tumbaku miaka thelathini. Mwisho akaiamini pua yangu kuliko yake. Na yangu ilikuwa imekufa.

"Alikuwa naomba kitu moja," Rosa akaendelea. "Bwana Pua akikuja, anuse tena, aseme makosa iko wapi. Sasa yeye hapana iko. Lakini sisi iko. Utuambie sisi."

Akamwita binti ya Mogga. "Agnes! Leta ile majani ya baba yako iko stoo."

Agnes Keji, msichana mrefu aliyevimba macho, alileta gunia dogo. Akaliweka magotini pangu, akarudi nyuma bila kuniangalia.

Watu wote walisogea karibu. Hata wapishi waliacha kukoroga.

Nikafungua gunia, nikatoa kicha. Rangi ilikuwa ya kahawia iliyokolea, jani linavutika bila kupasuka. Nikaona Mungu amenipa mlango. Kenneth alikwisha kuniambia ladha ya tumbaku hii. Ningeweza kulisafisha jina la Mogga hapohapo, na siri yangu ibaki palepale.

Nikainua kicha mpaka puani, nikafumba macho kama ninavyofanya siku zote, nikavuta hewa ndefu.

"Hii ni tumbaku nzuri," nikasema kwa sauti. "Ina asali. Ina mbao mpya. Mogga hakukosea kitu."

Nilingoja kilio cha wanawake. Sikukisikia.

Nilipofumbua macho, niliwaona watu wote wananitazama. Bibi mmoja alikuwa ameziba pua kwa pindo la kanga. Aliga alinyoosha mkono, akachukua kicha, akakinusa, akakirudisha haraka guniani.

"Hii nanuka mafuta ya taa," akasema.

Agnes akasema kwa sauti ndogo, "Kibuyu ya mafuta ilipasuka kule stoo. Ilimwagika kwa gunia. Mimi nilidhani yeye atasema tulete ingine."

Walikuwa wameisikia harufu hiyo wote, tangu nilipofungua gunia. Walikuwa wananingoja mimi niseme.

Rosa hakuondoa macho usoni mwangu.

"Baba Juliet. Hii mafuta, wewe hapana sikia?"

Lile neno ambalo halijawahi kunikosa, siku hiyo lilinikosa.

"Hapana sikia kabisa?"

"Sisikii kitu, Mama Moris."

"Toka lini?"

"Mwezi wa tatu. Homa iliondoka na pua."

"Mimi nilifukuzwa mwezi ya tano."

"Ndiyo."

"Sasa ile siku, namba saba. Ulinusa nini?"

"Sikunusa kitu. Niliangalia majivu."

Agnes Keji alipiga ukelele ambao bado unanijia nikikaa peke yangu. "Baba aliomba sisi msamaha! Watoto yake! Alisema ameharibu jina ya nyumba!"

Vijana wawili walisimama, kiti kikaanguka. Aliga aliinua mkono.

"Hapana hapa. Hapa ni matanga."

Nilipiga magoti. Niliwaeleza yote, sikubakiza. Rundo la mwezi wa nne. Siga kumi na mbili. Kenneth na ile siga ya gazeti. Uongo wangu wa jana kwamba siga imepumzika. Hata nikasema kwamba sikujua kama kuna msiba, kwamba nilikuja kumrudisha Rosa kazini kwa sababu siga zake zimepata mnunuzi.

Nilitegemea Rosa alie. Hakulia. Alikaa akiikunja na kuikunjua ncha ya mkeka.

"Kwa hiyo zilikuwa nzuri," akasema mwisho.

"Zilikuwa nzuri kuliko zote."

"Na kaka hapana iko kusikia."

Niliinamisha kichwa mpaka paji likagusa mkeka.

"Simama," akasema. "Mimi hapana taka magoti yako. Hiyo neno ilitoka Arua, ikakuja kuua roho ya kaka yangu hapa. Itarudi Arua. Utasema mbele ya Ondoga na mbele ya wasokotaji wote. Utataja Mogga kwa jina lake. Mimi nitasimama hapo, nisikie na masikio yangu."

"Nitasema, Mama Moris. Naapa."

"Hapana apa. Sema tu."

Aliga alijaribu kumzuia. "Rosa, matanga haijaisha."

"Baba mdogo, nitarudi kesho. Leo naenda kuchukua jina ya Mogga."

Akaingia ndani kubadilisha nguo.

Huwezi kuamini, lakini pale nilipobaki nimesimama peke yangu, hakuna aliyenipa kiti tena, nilisikia wepesi kifuani. Ulikuwa wepesi wa kwanza tangu mwezi wa tatu. Nilijua nitapoteza kazi na lile jina la Bwana Pua. Nikasema na vipotee.

Simu ikalia. Ilikuwa namba nisiyoijua, lakini sauti ilikuwa ya Annet.

"Uko wapi?"

"Koboko. Annet, nimesema. Nimewaambia yote, na leo ninakuja kumwambia Mzee."

Nilisikia tu watu wakiongea nyuma yake.

"Annet?"

"Usimwambie Mzee," akasema. "Umechelewa."

"Nimechelewa nini?"

"Kenneth amefungua masanduku. Karibu yote yananuka. Mzee akauliza nani alipitisha rundo la mwezi wa nne. Watu wote wakageukia kiti chako." Akavuta pumzi. "Nikasema ni mimi."

"Wewe?"

"Nimesema wewe ulikataa, ukasema bado bichi, mimi nikaliondoa mapema na kuwapa wasokotaji bila wewe kujua."

"Annet, kwa nini?"

"Juliet amebakiza mwaka mmoja shule ya uuguzi. Mmoja wetu lazima abaki na kazi. Mimi nageuza majani tu, wewe ndiye Bwana Pua. Nilidhani atanifukuza, basi."

"Hakukufukuza?"

"Ameita polisi. Anasema nilimharibia mali makusudi. Niko kituoni, hii simu ni ya askari mmoja mwenye huruma. Nimekwisha kutia sahihi maneno yangu, Baba Juliet. Ukija ukasema mengine, watasema tulipanga wote wawili, na Juliet abaki na nani?"

"Annet, sikiliza..."

Simu ilikatika. Nikapiga tena. Haikupokelewa.

Rosa alitoka ndani. Alikuwa amevaa viatu na gauni jeusi, mkoba begani. Alikuwa ameosha uso. Kwa mara ya kwanza siku ile niliona kitu machoni mwake ambacho hakikuwa huzuni tupu. Alikuwa anakwenda kumdaia ndugu yake heshima, na mimi ndiye niliyemwahidi.

"Nani amepiga?"

"Mke wangu."

"Anasema nini?"

Aliga alikuwa ananitazama. Agnes alikuwa ananitazama. Nilishika simu mkononi, bado ina joto la sikio langu.

"Baba Juliet," Rosa akasema polepole, "leo umesema kweli mara moja. Ya pili iko ngumu?"

Bodaboda mbili zilikuwa zimeitwa, zikingoja barabarani. Rosa alipanda ya kwanza, akapanga gauni lake vizuri, akanionyesha ya pili kwa kidevu.

Nilipanda. Mpaka tunafika mahali magari ya Arua yanapojaza watu, na kondakta ananiuliza ni viti vingapi, nilikuwa bado sijamjibu Rosa.